Mzee Mutuku na Makaa ya Mawe ya Malindi

Mzee Hesbon Mutuku alisoma mita za umeme Malindi kwa miaka thelathini na moja, na katika miaka yote hiyo hakuandika nambari ambayo hakuiona kwa macho yake. Nalisema hili mwanzo kabisa kwa sababu wapo wataalamu waliokuja hapa kwa ndege, wakakaa wiki tatu, wakaondoka na kitabu kizima cha nambari ambazo hakuna aliyeziona. Mbele ya mzee huyu hawafui dafu, na vyeti vyao vyote hivyo.

Alitoka Kitui akiwa kijana wa miaka ishirini na mbili, akapewa baiskeli, tochi na kadi za mitaa minne. Mji mzima aliujua kwa mita zake. Aliijua ile iliyofichwa nyuma ya banda la kuku huko Maweni, na ile ya Shella iliyoingia mchwa, na nyumba ambayo mbwa wake hutulia ukimwamkia mwenye nyumba kwa sauti kabla hujagusa lango. Kalamu aliifunga kwa uzi akaivaa shingoni, kama mtoto anavyovalishwa hirizi.

Kazi hiyo ina ugonjwa wake. Msoma mita akikuta lango limefungwa, anaweza kutazama nambari ya mwezi uliopita, akaongeza kidogo, akaandika, akaenda zake. Wapo waliosoma mtaa mzima hivyo, wameketi kivulini na soda mkononi. Mzee Mutuku aliandika herufi mbili tu, L.F., yaani lango limefungwa, na kesho yake akarudi. Karatasi zake zilijaa L.F. hata msimamizi wake mmoja akamwita kumwuliza kama miguu inamuuma. Akajibu kwamba miguu ni mizima, malango ndiyo yaliyofungwa.

Kisha zikaja tokeni. Mtu ananunua stima kwa simu, anabonyeza nambari ukutani mwake, na msoma mita hana kazi tena. Mzee akarudi nyumbani kwake mtaa wa Kisumu Ndogo akakaa. Mkewe, Mama Mwikali, alinisimulia kwamba kwa miaka mitatu mumewe aliamka alfajiri, akavaa viatu vya kazi, akafunga kamba, halafu akakaa navyo barazani mpaka jua lipande. Hakuwa mgonjwa. Alikuwa hana cha kusoma.

Ndipo manispaa ikapata wafadhili. Walitaka kujua mji wetu unatumia nishati kiasi gani, na unatoa gesi kiasi gani ya kuipasha dunia joto. Hesabu yenyewe ni nzuri, na mimi sina ugomvi nayo. Kila gunia la makaa, kila mtungi wa gesi, kila lita ya dizeli na kila uniti ya stima ina kiasi chake cha gesi hiyo. Ukijumlisha vyote unajua mji wako unachafua hewa wapi, na uanzie wapi kupunguza. Ugomvi wangu ni na waliotumwa kuifanya.

Mkuu wao alikuwa Daktari Nahashon kutoka Nairobi, mtu wa sauti laini na viatu visivyoujua mchanga. Alitafuta makarani kumi na wawili wa kupita nyumba kwa nyumba, nami Kadii nikawa mmoja wao, maana duka la dawa nilimokuwa nikiuza lilikuwa limefungwa. Msimamizi wetu wa nyanjani akawa Mzee Mutuku, kwa kuwa hakuna aliyezijua nyumba za Malindi kumzidi. Aliahidiwa kwamba kazi ikiisha salama, manispaa itampa kiti katika ofisi ya mazingira, awe afisa wa vipimo, azunguke mji kila mwaka na kuandika. Siku aliyoniambia habari hiyo, mkono wake ulikuwa umeishika ile kalamu ya shingoni. Alikitaka kiti hicho, na hakujaribu kunificha.

Mafunzo yalifanyika katika hoteli moja ya ufukweni. Viyoyozi viliwashwa mpaka tukatetemeka. Wakati wa mapumziko makarani tulitoka kwenda kuketi juu ya mawe ya jua ili tupate hisia za vidole. Daktari alivaa koti, akatueleza juu ya joto la dunia. Nje ya lango magari yao sita yalinguruma kutwa bila kwenda popote, ili madereva wasione jua. Mzee akanyoosha mkono akauliza kama magari yale nayo yatahesabiwa. Watu wakacheka, na Daktari akasema kwamba mzee wetu ana ucheshi. Mzee hakuwa akichekesha. Alikwisha kuandika nambari za usajili za magari hayo daftarini, pamoja na saa.

Tulipewa tableti, kila karani yake. Mzee hakupewa. Walisema itamtatiza kwa umri wake, wakampa rejista ya karatasi ya kuandika nyumba zilizofikiwa na zisizofikiwa, naye akashukuru kwa heshima. Mtu aliyesoma mita ndogo za vioo vyenye ukungu kwa tochi, wanamwogopea kioo kinachowaka chenyewe. Kama wangempa ile tableti, haya yote yasingetokea.

Nyumba yangu ya kwanza ilikuwa Muyeye. Mama mmoja alikuwa na jiko kibarazani, sufuria ya maharagwe juu yake. Nikamwuliza wanapikia nini, akanijibu makaa, huku akinishangaa, maana yalikuwa yakiwaka mbele yangu. Nikatazama orodha kwenye tableti: Gesi, Kuni, Mafuta ya taa, Umeme, Makaa, Mkaa. Nikabonyeza Makaa. Nani asingebonyeza? Lile neno la pili niliona ni haraka ya watu wa Nairobi, wamejirudia kama wanavyojirudia katika hotuba. Nikaenda nyumba ya pili, nako makaa. Ya tatu, makaa.

Nina langu la kuungama. Siku ya tano, huko Barani, jua lilinipiga mpaka kichwa kikawa kizito, na nyumba tatu zikawa na kufuli. Nikazijaza kwa kufuata jirani zao. Jioni, tulipokuwa tukimkabidhi Mzee hesabu ya siku, alipitisha kidole kwenye orodha yangu akasimama palepale. Akaniuliza jiko la nyumba ile ya pili limewekwa upande gani wa mlango. Nikainamia tableti. Hakunigombeza, wala hakuniaibisha mbele ya wenzangu; alingoja waondoke.

"Kadii mwanangu," akasema, "lango likiwa limefungwa, hiyo nayo ni habari. Iandike."

Asubuhi yake nilirudi Barani, nikangoja mpaka wenyewe wakafungua. Mmoja wao hakuwa na jiko hata moja. Alikuwa akila kwa dada yake. Tangu siku hiyo sikujaza nyumba ambayo sikuingia, na nyumba zangu zilifika mia mbili na kumi na mbili.

Ufukweni Mzee alikwenda mwenyewe. Huko ndiko kwenye mahoteli na majumba ya kifahari, kwenye mabwawa ya kuogelea yenye pampu na viyoyozi vya kila chumba. Alibeba barua ya manispaa katika bahasha ya plastiki isilowe jasho. Mabawabu walimpokea vizuri, shikamoo mzee, marahaba, kisha wakamrudisha: meneja hayupo, mwenye nyumba yuko ng'ambo, njoo wiki ijayo. Alirudi kila lango mara tatu. Nyuma ya kuta alisikia jenereta zikinguruma, na moshi wa dizeli ukimjia usoni. Malango yalikuwa sitini na matatu, na yaliyofunguliwa ni manne. Hayo hamsini na tisa aliyaandika kwenye rejista, moja moja, kwa mwandiko wake wa kusimama: L.F.

Baada ya miezi miwili tuliitwa manispaa kuonyeshwa ripoti kabla haijachapishwa. Mzee alivaa miwani, akafungua ukurasa wa majumlisho, akaweka kidole mstari wa tatu. Kidole kilikaa pale muda mrefu. Nikachungulia begani kwake. Paliandikwa: makaa ya mawe, tani elfu kumi na nne kwa mwaka. Pembeni palichorwa mhimili mweusi mrefu kuliko yote, na mstari mmoja mwembamba usioonekana vizuri uliokuwa wa makaa ya miti.

Malindi nzima hakuna aliyewahi kupikia makaa ya mawe. Wengi wetu tuliyasikia shuleni, katika somo la jiografia, tukayasahau siku ya mtihani. Lakini kitabu kilisema kwamba wakazi wa Malindi wanayategemea kwa kiwango cha kutia hofu. Palikuwa na kurasa mbili zinazokisia makaa hayo yanaingilia bandari gani kwa siri. Wakati huohuo, kila wiki, lori linateremsha magunia sokoni kutoka Marafa, mchana kweupe, na Chengo muuzaji akiita wateja kwa sauti ya kuamsha wafu. Hakuna mtaalamu aliyetembea hatua mia mbili kutoka ofisini kwenda kumwuliza Chengo anauza nini.

Aliyetufafanulia ni Caroline, msaidizi wa Daktari, msichana mwenye haya aliyekuwa akitazama meza tu. Dodoso liliandikwa Kiingereza, akasema, likapelekwa kwa mtu Nairobi ili alifasiri. Yule kwa kamusi yake akaandika makaa kwa yale yanayochimbwa ardhini, na mkaa kwa yale ya kuchoma miti. Sisi tukasikia makaa, tukabonyeza makaa, nyumba elfu moja na mia tatu. Zilizobonyezwa mkaa zilikuwa kumi na tisa tu, na zote ni za Karisa, karani mwenzetu aliyepata kufundisha Kiswahili shule ya msingi na ambaye hawezi kuona umoja na wingi vimechanganywa akapita.

Mzee akashusha pumzi, akafurahi. Naapa alifurahi. Kosa lililojulikana chanzo chake ni rahisi kulitoa, na yeye alikwisha kusahihisha mita zilizopinduliwa juu chini. Kisha akateremsha kidole hadi mstari wa saba, wa hoteli na majumba ya ufukweni. Hapakuwa na L.F. hata moja. Palikuwa na nambari nzuri, ndogo, iliyopigwa pasi, waliyoikisia kutoka mji mwingine ambao hakuna hata mmoja wetu aliyefika. Kwa hiyo kwa mujibu wa kitabu, mama wa Muyeye na maharagwe yake ndiye anayeipasha dunia joto, na wenye mabwawa ya kuogelea karibu hawapo.

Akaomba kwa adabu mistari hiyo miwili isahihishwe. Akamwambia Daktari kwamba makarani wote wako tayari, kazi ni ya siku moja: hayo makaa yote yahamishwe mstari, na malango yaliyofungwa yaandikwe kuwa yamefungwa.

"Mzee wetu," akasema Daktari Nahashon, "mfumo umefungwa."

Akaeleza kwamba nambari zimekwisha kupelekwa kwa wafadhili, na ile ya makaa ya mawe iliwagusa sana. Awamu ya pili ilikuwa ikiandikwa tayari, ya kuikomboa Malindi kutoka kwa makaa ya mawe. Akitengua sasa atawavunja moyo. Alisema hivyo bila kupepesa macho, mtu mzima aliyesomeshwa kwa kodi za watu. Nimewahi kuona wezi wa kuku waliokuwa na soni kuliko huyo. Kisha akasukuma karatasi mbili mezani. Ya kwanza ilisema kwamba msimamizi wa nyanjani amezikagua takwimu hizi na anazithibitisha, na chini yake jina la Mzee limekwisha kuchapwa, pamebaki nafasi ya saini. Ya pili ilikuwa barua ya kiti cha afisa wa vipimo. Angepewa hiyo siku ya uzinduzi, mbele ya watu, mradi ile ya kwanza irudi.

Mchana ule nilimsindikiza nyumbani. Mama Mwikali alitupakulia muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, akaisikiliza habari yote akiwa amesimama na mwiko. Hakumlaumu Daktari. Alimtazama mumewe, halafu akavitazama viatu vyake.

"Baba Mwikali, hicho kiti umekingoja miaka mitatu," akasema. "Mimi nimekuona ukikingoja. Tia saini, wino haumwui mtu."

Mzee alikula polepole mpaka akamaliza. Akasema kwamba anakitaka, na kwamba tangu apewe ile rejista amekuwa akilala usingizi. Lakini akauliza, akiketi pale na kuleta nambari, na watu hawa wakizitengeneza nyuma yake, yeye atakuwa anasoma nini. Mama Mwikali akaondoa sahani. Mzee akaivua kalamu shingoni, akaandika herufi mbili mahali pa saini, akakunja karatasi, akanipa nimpelekee Caroline.

Niliifungua njiani, nisiseme uongo. Baada ya jina lake lililochapwa aliandika L.F., kwa mwandiko uleule wa kusimama. Nikamkabidhi Caroline, Caroline akamkabidhi Daktari, na Daktari, aliyekuwa akizungumza kwa simu mbili, akaona wino mahali palipotakiwa wino. Hiyo ilimtosha.

Uzinduzi ulifanyika katika hoteli ileile, baridi ileile. Vitabu vilipangwa mezani, karatasi nzito inayong'aa, jalada lenye picha ya mnazi. Nikafungua ukurasa wa kwanza, nikasoma, nikalazimika kuziba mdomo kwa kanga. Paliandikwa kwa herufi za kupendeza: Takwimu hizi zimethibitishwa na Bw. Hesbon Mutuku, L.F. Walidhani ni shahada.

Daktari Nahashon alisimama akaisoma hivyohivyo mbele ya wageni, Bwana Mutuku, L.F., kwa fahari ya mtu anayemtambulisha profesa. Akamwita jukwaani apokee barua yake ya kazi. Mzee akapanda, amevaa shati alilopiga pasi Mama Mwikali, na viatu vya kazi. Mgeni mmoja wa mbele, mwanamke wa wafadhili aliyejifunza Kiswahili akakijua vizuri, akauliza kwa upole hiyo L.F. ni ya chuo gani. Daktari akajibu upesi kwamba ni ya fani yake mzee, ya ufundi wa vipimo. Akampa Mzee kipaza sauti awasalimu watu.

Mzee akaitazama ile barua mkononi mwa Daktari. Najua aliitazama kwa sababu nami nilikuwa nikiitazama, nikiomba aichukue kwanza, aseme baadaye.

"Hamjambo," akasema. "L.F. ni lango limefungwa. Msoma mita huiandika pale ambapo hakuona kitu. Makaa ya mawe humu Malindi sikuyaona. Na hoteli hizi sikufunguliwa, hata hii tuliyomo."

Akarudisha kipaza sauti kwa mikono miwili, kama mtu anavyorudisha kikombe, akashuka. Barua ilibaki hewani. Wageni wengine hawakuelewa wakapiga makofi. Yule mwanamke hakupiga. Alikuwa amefungua kitabu mstari wa tatu, akimwita Daktari kwa kidole. Daktari alicheka kicheko cha watu wanaozama, akatangaza chakula.

Ningependa kusema kwamba kitabu kilisahihishwa. Hakikusahihishwa. Kiliongezewa karatasi ndogo ndani, yenye maandishi madogo, kwamba baadhi ya istilahi huenda zikatofautiana na matumizi ya mahali. Kiko kwenye maofisi na tani zake elfu kumi na nne, na wakubwa wanakinukuu. Kiti cha ofisi ya mazingira alipewa mpwa wa mtu. Sijawahi kumwona nje ya geti, ila akienda kunywa chai.

Mzee Mutuku alinunua mizani ya kuning'iniza. Hatumwi na mtu. Asubuhi anafunga viatu, anakwenda kwa Chengo anapima gunia, anapita Kisumu Ndogo na Maweni akipima mkebe wa makaa wa mama huyu na yule, anaandika daftarini. Wanaomfungulia anawaandika, wasiofungua pia anawaandika. Kitu hicho wataalamu kumi hawakuweza kukifanya na magari sita. Mama Mwikali analalamika kwamba amerudi kuchelewa chakula, na sauti yake ikilalamika ni ya mtu aliyefurahi.

Siku ile ya uzinduzi, nilipotoka hotelini, nilimkuta amesimama juani akingoja mwili upate joto. Nilikuwa na hasira ya kulia, maana kazi yetu yote ilikuwa imefungiwa ndani ya kitabu cha uongo, na nyumba zangu nazo. Nikamnyooshea nakala yangu, nikamwambia aniandikie L.F. humo, nami niwe nayo. Akakipokea kitabu, akakiweka juu ya goti, akafikiri kidogo. Kisha akaandika chini ya jina lake, akanirudishia, akaenda kuchukua baiskeli.

Nilisoma alipokwisha kuondoka. Hakuwa ameandika L.F. Alikuwa ameandika: Kadii, nyumba 212. Zimeonwa.